Wingu la Enterprise Road

Jumanne, Novemba 28, 2023, majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi waliamua kwamba ushuru wa nyumba ulikiuka katiba. Mawakili walitoka mahakamani wakihutubia waandishi wa habari. Wahasibu wa viwandani hawakuwa na nafasi ya hotuba, maana mwezi ulikuwa ukingoni na mishahara ilikuwa tayari imepigwa hesabu. Kila shiti la malipo lilikuwa na safu inayomkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na safu nyingine inayomtoza mwajiri kiasi kicho hicho. Zifutwe? Zifichwe? Siku hiyohiyo mahakama ikasitisha utekelezaji wa uamuzi wake hadi Januari 10, 2024, kwa hiyo makato yakaendelea. Januari 26, Mahakama ya Rufaa ikakataa kurefusha muda, makato yakakoma. Machi 19, Rais William Ruto akatia saini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, makato yakarudi.

Fomula moja iliachwa iendelee, ikazimwa, ikawashwa tena, yote ndani ya miezi minne.

Katika Industrial Area ya Nairobi jambo hilo lina uzito wake. Hapa, kati ya reli, Jogoo Road na Mombasa Road, kazi bado ni ya mikono. Alfajiri watu hutembea kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuelekea Lunga Lunga Road, Likoni Road na Enterprise Road. Walioajiriwa hupita moja kwa moja, na vibarua husimama langoni wakingoja supavaiza ahesabu vichwa. Unga, rangi, plastiki, sabuni, chuma na sigara hutoka katika mitaa hii, na gharama kubwa ya bidhaa hizo, baada ya malighafi, ni watu na umeme.

Chukua kiwanda cha kufikirika chenye wafanyakazi 300, kila mmoja akilipwa Sh30,000 kwa mwezi. Kabla ya Februari 2023, mwajiri alichangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, Sh200 kwa kila mtu, jumla Sh60,000. Sheria mpya ya NSSF ilipoanza kutumika, mchango ukawa asilimia 6 ya mshahara hadi kikomo cha Sh18,000. Mwaka uliofuata kikomo kikapanda hadi Sh36,000, na Februari 2025 kikafika Sh72,000. Kwa hiyo, kufikia Machi 2024, mwajiri huyo alikuwa akilipa NSSF Sh1,800 kwa kila mtu, pamoja na Sh450 za nyumba. Jumla ni Sh675,000 kwa mwezi. Ongezeko lake ni Sh615,000 kila mwezi, yaani zaidi ya milioni saba kwa mwaka, na hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeongezewa mshahara.

Bajeti ililijua hilo lini? Hapo ndipo mambo yalipo. Katika viwanda vingi, shiti la mishahara hukaa kwa ofisa wa rasilimali watu, la mali hukaa stoo, la mauzo hukaa kwa watu wa magari, na shiti mama la bajeti liko kwa mhasibu mkuu. Namba husafiri kutoka shiti moja hadi jingine kwa kunakiliwa, kwa barua pepe, kwa WhatsApp, na mara nyingine kwa fleshi. Meneja akiuliza matumizi ya mwezi yamefika wapi, jibu ni lilelile: “Bosi, stoo bado hawajanitumia.” Wakishatuma, kunakuwa na faili tatu: BAJETI 2024 FINAL, BAJETI 2024 FINAL MPYA, na BAJETI 2024 FINAL MPYA 2. Anayejua ipi ndiyo yenyewe ni mtu mmoja, naye yuko likizo.

Ni rahisi kuilaumu Excel, na wauzaji wa mifumo ya bei ghali huilaumu kila siku. Lawama hiyo si ya haki. Lahajedwali ndiyo programu iliyoifanya kompyuta ndogo iingie ofisini. VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston ilitoka mwaka 1979, Lotus 1-2-3 ikafuata mwaka 1983, na Excel ikaanza mwaka 1985 kwenye kompyuta za Macintosh kabla ya kuhamia Windows. Mtu asiyejua kuandika programu hata kidogo anaweza kujenga ndani yake mfano mzima wa biashara, akabadilisha bei ya ngano na kuona faida ikitetemeka. Hakuna mfumo wa mamilioni uliompa mhasibu uhuru wa namna hiyo, na ndiyo maana kila kiwanda kinachonunua mfumo mkubwa huishia kutoa ripoti zake nje na kuzibandika tena ndani ya Excel.

Kosa ni kuigeuza lahajedwali kuwa stoo ya kumbukumbu. Haikuundwa kwa kazi hiyo, na ina ukuta. Tangu toleo la 2007, shiti moja la Excel linabeba mistari 1,048,576. Kabla ya hapo ilikuwa 65,536. Inaonekana nyingi mpaka uanze kuhesabu. Kiwanda cha mkate chenye magari 40, kila gari likipita maduka 60 kwa siku na kuacha aina tano za bidhaa, huzalisha mistari 12,000 kila siku. Shiti hujaa siku ya themanini na nane ya kazi. Mwaka haujafika nusu.

Uingereza iligonga ukuta huo hadharani. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, visa 15,841 vya Covid-19 vilidondoka njiani kwa sababu matokeo ya maabara yalipakiwa katika faili la muundo wa kale wa Excel, ule wa mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilikatwa bila kelele, na watu waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Nchi ilikuwa tajiri na ilikuwa na wataalamu tele, lakini hakuna aliyekumbuka kuuliza faili linabeba mistari mingapi.

Wizara ya Afya ya Kenya ilikuwa imekwisha kukutana na tatizo la ukoo huo miaka tisa kabla. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2011, maofisa wa kumbukumbu za afya wilayani walijaza mafaili ya Excel na kuyapandisha kwenye seva ya makao makuu, ambako mtu alipaswa kuyaunganisha. Wizara ikachukua DHIS2, programu huria iliyozaliwa kwa uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo. Mpango wa awali ulikuwa wa kizamani: kusimika mfumo kwenye kompyuta za kila wilaya, kisha kukusanya data kwa zamu. Majaribio yakaanzia Pwani. Hapo wakagundua kwamba modemu za simu zilikuwa zimefika mahali ambako nyaya za serikali hazikufika, na kwamba ofisa wa wilaya angeweza kuandika moja kwa moja kwenye seva moja ya taifa. Seva ya wizara haikuaminika kwa umeme wala mtandao, basi ikakodiwa nafasi nje ya nchi. Kufikia Septemba 2011 mfumo ulikuwa umeenea nchi nzima, na Kenya ikawa ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara kuendesha mfumo wa taifa wa taarifa za afya kikamilifu mtandaoni. Waliotaka kuchambua kwa Excel waliendelea kuitumia. Kilichokoma ni kila wilaya kuwa na nakala yake ya ukweli.

Sasa fikiria jambo hilohilo likifanyika ndani ya ua mmoja wa kiwanda.

Mahali pamoja pa namna hiyo huitwa ghala la data, na wazo lake ni la zamani kuliko wingu, yaani seva za kukodi kupitia mtandao. Bill Inmon alilitolea kitabu mwaka 1992: kusanya rekodi kutoka kila idara mahali pamoja, zipange kwa mada, zipe tarehe, usizifute. Kwa muda mrefu ghala la namna hiyo lilihitaji chumba cha seva na bajeti ya benki. Google ilipotangaza BigQuery mwaka 2010 na Amazon ikafuata na Redshift mwaka 2012, mwaka uleule Snowflake ilipoanzishwa, kiwanda kiliweza kukodi ghala kama kinavyokodi lori, kwa safari. Ndani ya ghala hilo data hukaa kwa safu. Ukiuliza jumla ya gharama za umeme, mashine husoma safu ya kiasi na safu ya akaunti peke yake na kuziacha safu nyingine arobaini zimelala. Ndiyo maana mistari milioni mia hujibiwa kwa sekunde chache.

Kiungo na lahajedwali ndicho kipande kilichochelewa. Google ilikitangaza mwaka 2019 kwa jina la Connected Sheets. Upande wa Microsoft, Power Query imo ndani ya Excel tangu toleo la 2016. Katika Connected Sheets, mhasibu hufungua shiti tupu, huenda kwenye menyu ya Data, huchagua ghala na jedwali, na shiti huonyesha vichwa vya safu pamoja na mistari michache ya mfano. Mamilioni ya mistari mingine hayashuki. Anapojenga jedwali la muhtasari, akaunti upande wa kushoto na miezi juu, swali hupanda ghalani, hesabu hufanyika huko, na kinachorudi ni jibu tu, labda mistari hamsini. Mtunza godauni yeyote wa Lunga Lunga Road angeuelewa utaratibu huo: mzigo haubebwi wote nje ili uhesabiwe barabarani, hesabu hufanywa ndani na karatasi moja hupita langoni. Kisha mhasibu huweka ratiba, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, na shiti hujisasisha kabla hajafika kazini.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili husahaulika, ingawa ndio unaofanya bajeti iwe bajeti. Matumizi halisi hutoka kwenye mifumo: Tally, ambayo ina watumiaji wengi katika viwanda vya Nairobi, Sage, QuickBooks, Odoo au SAP. Bajeti haitoki kwenye mfumo wowote. Hutoka kichwani mwa mameneja na huandikwa kwenye shiti, na inafaa iendelee kuandikwa kwenye shiti, kwa sababu huko ndiko wanakobishana kwa raha. Ghala linaweza kulisoma shiti hilo kama jedwali lake la kawaida, likaoanisha kila mstari wa bajeti na matumizi ya akaunti hiyo mwezi huo. Meneja akibadilisha makisio ya Septemba asubuhi, tofauti hubadilika asubuhi hiyohiyo.

Kizingiti cha kwanza ni umbo la shiti lenyewe. Wakubwa hupenda miezi ipangwe kwa upana, Januari hadi Desemba, vichwa vimeunganishwa seli tatu tatu, jumla ndogo kila baada ya mistari sita, na njano kwa mambo ya kuangaliwa. Inapendeza machoni, ila ghala halioni njano. Linataka mistari mirefu na myembamba: akaunti, mwezi, kiasi, mwenye dhamana, basi. Akaunti 80 kwa miezi 12 ni mistari 960. Power Query ina amri ya kugeuza upana kuwa urefu kwa kubofya mara chache, na mhasibu akishaigundua haachani nayo. Jumla ndogo lazima zitoke kabisa, la sivyo kila shilingi itahesabiwa mara mbili.

Viwango vya makato ndivyo vinavyoonyesha faida ya mpangilio huu. Badala ya kuandika 1.5% ndani ya fomula za shiti la mishahara, kiwanda huwa na jedwali dogo la viwango lenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Ushuru wa nyumba una mstari unaoanza Julai 2023 na kufungwa Januari 2024, na mstari mwingine unaoanza Machi 2024 ambao haujafungwa. Kufikia mwaka 2025, NSSF ilikuwa na mistari mitatu ya vikomo: Sh18,000, Sh36,000 na Sh72,000. Bima ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75, iliyoipokea kazi NHIF Oktoba 2024, ina mstari unaosema hutozwa mfanyakazi tu, maana mwajiri hachangii. Mhasibu aliyeiingiza SHIF kwenye gharama za kampuni alijitengenezea hasara isiyokuwepo. Mahakama ikiamua lolote kesho, hubadilishwa mstari mmoja, na miezi iliyopita hubaki na viwango vyake vya wakati huo. Mkaguzi akija na swali la Februari 2024, jibu liko palepale.

Umeme una somo lake. Tuseme kiwanda kilikisia yuniti 100,000 kwa Sh20, yaani milioni mbili. Mwezi ukaisha kwa bili ya Sh2,304,000. Kwenye shiti la kawaida hiyo ni rangi nyekundu, na meneja wa uzalishaji huitwa ajieleze. Lakini bili ya umeme ya Kenya ina vipande vingi, na tozo ya mafuta na ile ya fedha za kigeni hupanda na kushuka mwezi hadi mwezi. Ghala likihifadhi yuniti na kiasi kando kando, huonekana kwamba yuniti zilizotumika ni 96,000 na bei ndiyo iliyofika Sh24. Meneja amebana matumizi kwa yuniti 4,000, akaokoa Sh80,000 kwa bei ya bajeti. Bei imeongeza Sh384,000. Aliyekaribia kukaripiwa alistahili shukrani. Na kama rekodi zina saa, mtu anaweza kuuliza ni yuniti ngapi zilihamia usiku, kwa kuwa tangu Desemba 2017 kuna bei ya nusu kwa wenye viwanda wanaotumia umeme zaidi nyakati ambazo mahitaji ni madogo.

Dola nayo ni vilevile. Mzigo wa malighafi wa dola 50,000 uliolipiwa Januari 2024, shilingi ilipovuka 160, uligharimu milioni nane. Aprili, shilingi iliporudi karibu na 130, mzigo uleule uligharimu milioni sita na nusu. Bajeti isiyo na safu ya kiwango cha kubadilisha fedha itaitafsiri tofauti hiyo kuwa uzembe wa idara ya ununuzi, kisha miezi mitatu baadaye kuwa ushujaa wake.

Safu moja nyingine imekuwa ya lazima tangu Januari 1, 2024: je, gharama hii ina ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato (KRA)? KRA haikubali tena kupunguza kwenye faida gharama isiyo na ankara hiyo, isipokuwa zilizosamehewa kama mishahara. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, ununuzi wa Sh100,000 usio na ankara sahihi huja na Sh30,000 za kodi mgongoni. Industrial Area imejaa gharama za aina hiyo: fundi wa jua kali aliyechomelea geti, mkokoteni uliohamisha mapipa, kibanda kinachopelekea zamu ya usiku chai na mandazi. Lahajedwali ya zamani huziona kama pesa ndogondogo. Ghala likizijumlisha kwa mwaka, ndogondogo hizo huonekana na kodi yake.

Halafu kuna uchafu, na hapa ndipo miradi mingi hukwama. Excel hudhani kila kinachofanana na namba ni namba. Simu inayoanza na 0722 hubaki 722, na malipo ya M-Pesa ya msambazaji hayampati mwenyewe. Namba ya ankara yenye tarakimu zaidi ya 15 hugeuzwa mkia wake kuwa sufuri, kwa sababu Excel haishiki zaidi ya tarakimu 15. Tarehe 03/04/2024 ni Aprili 3 kwa mtu wa Nairobi na Machi 4 kwa kompyuta iliyowekwa mipangilio ya Marekani, na gharama huhama mwezi bila kuonekana imehama. Kuna anayeandika “Sh 4,500” ndani ya seli, herufi na namba pamoja, na ghala huigomea seli hiyo. Kuna msambazaji mmoja aliyeandikwa kwa namna tano. Dawa ya hili la mwisho ni PIN ya KRA: kampuni ina moja, huanza na herufi P, haina lakabu. Wiki za kwanza za mradi wowote wa namna hii ni za kusafisha, na bosi anapaswa kuambiwa hivyo mapema, kabla hajaanza kuuliza ripoti iko wapi.

Gharama ya ghala lenyewe huwashangaza watu, kwa kuwa ni ndogo. BigQuery hutoa bure GiB 10 za kuhifadhi na TiB moja ya kusoma kila mwezi. Usomaji unaozidi hapo hutozwa dola 6.25 kwa TiB kwa viwango vya Marekani. Kile kiwanda cha mkate chenye mistari 12,000 kwa siku, kila mstari ukichukua baiti mia hivi, hakifikishi hata MB 450 kwa mwaka. Kinaweza kuusoma mwaka mzima zaidi ya mara elfu mbili kwa mwezi kabla ya kulipa senti. Gharama ya kweli ni kijana mmoja anayejua SQL, lugha ya kuliuliza ghala maswali, na mhasibu mmoja mwenye subira ya kukaa naye. Tahadhari ni moja: anayeomba safu zote hulipia safu zote, na kuomba mistari kumi tu hakupunguzi bili, kwa sababu safu husomwa nzima kabla ya mistari kuchujwa.

Na wingu lenyewe liko wapi? Sehemu yake iko hapahapa. Ndani ya eneo la Sameer, kando ya Enterprise Road, ndiko ilikofunguliwa East Africa Data Centre mwaka 2013, leo ikiwa chini ya Africa Data Centres, ikiwa na jenereta, vipoza hewa na nyaya za makampuni mengi ya mtandao yanayokutana humo. Lori la saruji na lori la seva hupita barabara moja. Hata hivyo, kiwanda kilicho mita chache kutoka ukuta wake kikikodi BigQuery, data yake haikai humo. Itakaa Ulaya, au Johannesburg, ambako Google ilifungua kituo chake cha kwanza Afrika Januari 2024. Microsoft ilitangulia Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020.

Umbali huo una bei yake. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini kati ya Afrika Mashariki na Afrika Kusini, na mtandao wa Kenya na majirani ukawa mzito kwa siku kadhaa. Lakini seva iliyo chini ya meza ya mhasibu nayo haikuwa salama. Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani, na giza likarudi Novemba na Desemba mwaka huohuo. Kati ya hatari hizo mbili, kebo ya baharini ina watu wanaolipwa kuiunganisha, wakati seva ya chini ya meza ina yule fundi asiyepokea simu Jumapili. Shiti la Excel lililounganishwa, kwa bahati nzuri, hubaki na majibu yake ya mwisho hata mtandao ukikatika. Linachokosa ni usasisho.

Lipo jambo ambalo hakuna kebo inayolitatua. Mwenye shiti ana mamlaka. Storikipa ambaye ndiye peke yake anayejua salio la malighafi huitwa kwenye kila kikao. Salio likionekana kwa kila mkuu wa idara kila asubuhi, heshima hiyo hupungua, na pia hupungua nafasi ya kurekebisha namba kimyakimya kabla ya kikao. Upinzani wa namna hiyo huja umevaa nguo za kiufundi: mtandao ni polepole, mfumo haujazoeleka, tusubiri mwaka wa fedha uishe. Meneja makini huwapa watu hao kazi ya kuidhinisha namba ghalani badala ya kuwanyang'anya, na jina lao huonekana kando ya salio walilolithibitisha.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu mishahara, namba za vitambulisho na rekodi za hospitali za wafanyakazi, na ina masharti ya kupeleka data hizo nje ya Kenya. Shiti lililounganishwa hushirikishwa kwa kiungo kimoja tu, na ruhusa ikitolewa ovyo, mshahara wa kila mtu hufika kwenye simu ya asiyehusika kabla ya saa ya chakula. Ghala huruhusu safu fulani zifichwe kwa fulani. Uwezo huo hautumiki mpaka mtu auwashe.

Kiwanda kinachotaka kuanza kisianze na kila kitu. Kianze na umeme: bili moja kwa mwezi, yuniti na kiasi, bajeti kando yake, miaka mitatu nyuma. Hiyo ni kazi ya wiki moja, na matokeo yake huonekana na kila mtu. Zifuate bidhaa za stoo, kisha ununuzi pamoja na safu yake ya eTIMS. Mishahara iingie mwisho, na iingie kwa jumla ya idara, bila jina wala namba ya kitambulisho.